Luena: Dawa zinajua njia ya kuingia nyumbani, ya kutoka hazina

Katika nyumba nyingi za Luena, sawa na za Kamina, Bukama ama Lubumbashi, dawa zinakaa ndani ya sashe. Sashe imefungwa fundo na kutundikwa kwenye msumari, ama imesukumwa chini ya godoro, ama iko juu ya kabati pamoja na kadi ya chanjo na karatasi za shule. Ukiifungua utakuta plaketi ya dawa ya malaria iliyobaki na komprime sita, chupa ya siro ya kikohozi iliyoganda mdomoni, tyubu ya pomada isiyo na kifuniko, na vidonge vyeupe ndani ya kipande cha karatasi. Mama wa nyumba anajua plaketi ilikuwa ya nani. Vile vyeupe, hakuna anayekumbuka.

Sashe hiyo ni akiba. Dawa imenunuliwa kwa franka ambazo zingenunua unga, na hakuna mtu anayetupa unga. Basi inawekwa, kwa sababu malaria itarudi, na ikirudi usiku, kituo cha afya kiko mbali. Lakini miezi inapita, mvua zinapita, na siku moja tarehe iliyoandikwa kwenye boksi imekwisha kupita. Hapo swali linaingia: itupwe wapi?

Luena ni mji wa makaa ya mawe, umeshikamana na reli inayotoka Lubumbashi, inapita Bukama na kupanda mpaka Kamina, mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Dawa zinafika kwa treni, kwa lori, kwa pikipiki na ndani ya mabegi ya ndugu waliotoka safari. Zote zinakuja upande mmoja. Kwa dawa iliyobaki nyumbani hakuna gari la kurudi.

Sashe inajaa namna gani

Sababu ya kwanza ni kwamba mgonjwa anapona kabla ya dawa kwisha. Tiba ya malaria ya artemether na lumefantrine, ambayo wengi wanaijua kwa plaketi zake, inamtaka mtu mzima ameze komprime 24 kwa siku tatu: nne asubuhi, nne jioni. Siku ya pili homa imeshuka, mtu anasimama, anakwenda shambani. Komprime zilizobaki anaona ni faida. Kumbe ni sehemu ya dozi, na wadudu wa malaria waliobaki katika damu ndio wanaofaidi.

Sababu ya pili ni dawa ambayo mgonjwa haipendi. Wanawake wenye mimba wanapewa vidonge vya chuma na foleti kwenye CPN, kwa miezi mingi. Vidonge hivyo vinaleta kichefuchefu, vinafunga tumbo, vinageuza choo kuwa cheusi. Wengine wanaviacha kimya kimya, bila kumwambia mkunga. Vinabaki katika sashe.

Sababu ya tatu ni kununua bila kuandikiwa. Mtu anaingia famasi, anasema mwili unamuuma, anatoka na aina tatu za vidonge. Moja ikimfaa, mbili zinabaki. Ya nne ni kifo. Mzee aliyekuwa anameza dawa za presha ama za sukari akifariki, familia inarudi toka maziko na kukuta boksi zake kando ya kitanda. Kuzitupa kunaonekana kama kumtupa mwenyewe. Zinakaa.

Tarehe inasema nini

Kwenye boksi nyingi zinazofika Kongo, tarehe ya mwisho inafuata alama ya EXP ama, kwa Kifaransa, Pér. Ikiwa imeandikwa mwezi na mwaka tu, kwa mfano 05/2026, dawa inaweza kutumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Mtengenezaji anatoa ahadi hiyo kwa dawa iliyofungwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu pasipo joto kali. Bati linalowaka saa sita mchana, ama dirisha la treni, havimo katika ahadi hiyo. Dawa inaweza kuharibika kabla ya tarehe yake.

Nyingine zina maisha mafupi zaidi mara zinapofunguliwa. Siro ya amoxicillin inayotoka kama unga, ikichanganywa na maji, kwa kawaida haipiti siku saba, hasa mahali pasipo frigo. Maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini wakati wa kuhara, yale ya pakiti, yanamwagwa baada ya saa 24. Dawa nyingi za matone ya macho zinatupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama boksi inasema mwaka ujao.

Je, dawa iliyopita tarehe ni sumu? Mara nyingi hapana. Shida yake kubwa ni kupoteza nguvu, na dawa isiyo na nguvu inamdanganya mgonjwa: anafikiri anajitibu, kumbe ugonjwa unaendelea. Lakini ziko zinazogeuka. Tangu miaka ya 1960 waganga waliandika juu ya wagonjwa walioharibika figo baada ya kumeza tetracycline ya zamani iliyooza. Mtu aliye nyumbani hawezi kutofautisha kwa macho.

Kuna jambo ambalo wakaaji wa mashariki ya Kongo waliliona kwa uchungu. Mwishoni mwa 2014 na katika 2015, huko Ituri na Haut-Uele, mamia ya watu walifika kwenye hospitali shingo zimepinda, uso umekazana, ulimi hautulii. Mwanzoni ilifikiriwa kuwa ni meninjiti. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba komprime zilizouzwa kwa jina la diazepam zilikuwa na haloperidol, dawa nyingine kabisa ya magonjwa ya akili. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo kwa dunia nzima. Kosa lile lilitoka kwa waliotengeneza na kuuza, si kwa sashe ya mtu. Lakini funzo linaingia mpaka chini ya godoro: kidonge cheupe hakisemi jina lake. Kikishatoka kwenye boksi yake, hakuna anayejua ni nini.

Njia tatu zinazotumika

Pasipo mahali pa kurudisha, kila nyumba inajitafutia. Njia zinazojulikana ni tatu.

Ya kwanza ni shimo: choo ama shimo la taka nyuma ya nyumba. Inaonekana safi, kwa sababu dawa haionekani tena. Lakini katika viwanja vingi choo na kisima vinakaa karibu, na wakati wa mvua maji ya chini yanapanda. Dawa zinazoyeyuka zinatembea na maji. Antibiotiki zinapokutana na vijidudu katika uchafu, vijidudu dhaifu vinakufa, vile vigumu vinabaki na kuzaana. Mwaka 2022 watafiti walitangaza katika jarida la kiganga la Lancet kwamba katika mwaka 2019 watu kama 1,270,000 duniani walikufa moja kwa moja kwa vijidudu ambavyo antibiotiki haziviwezi tena, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikuwa mzito zaidi. Chanzo kikubwa ni kutumia antibiotiki ovyo, si kuzitupa. Ila mtu anayekatiza dozi na kutupa nusu yake chooni anachangia mara mbili.

Ya pili ni moto. Taka zinachomwa jioni, dawa zinaingia pamoja na majani na chupa za plastiki. Moto wa uwanjani hauna joto la kutosha. Kanuni ambazo OMS ilitoa mwaka 1999 juu ya kuharibu dawa zisizotakiwa zinataka tanuru yenye vyumba viwili na joto lisilopungua digrii 850, na kwa dawa kali zaidi digrii 1,200. Chini ya hapo, plaketi za plastiki zinatoa moshi wenye sumu, na watoto ndio wanaosimama karibu na moto. Kopo la dawa ya kupuliza likitiwa motoni linapasuka kama bomu dogo.

Ya tatu ndiyo inayotumika sana, na ndiyo inayoitwa wema: kumpa jirani. Mtoto wa jirani anakohoa, na katika sashe kuna siro. Nani atamnyima? Lakini mtoto wa miaka miwili hapimwi kama wa miaka saba, na kikohozi cha mmoja ni mafua, cha mwingine ni mapafu. Dawa ya kuazimwa inachelewesha safari ya kituo cha afya kwa siku mbili ama tatu, na siku hizo ndizo zinazoua watoto wenye malaria kali.

Pembeni ya njia hizi kuna jambo dogo linalosahauliwa: chupa. Chupa ya dawa inaoshwa na kutiwa mafuta ya taa ama dawa ya panya. Lebo bado inasema siro. Mtoto anajua kusoma picha kabla ya kusoma maandishi.

Mtoto na kidonge chekundu

Hatari ya haraka kuliko zote haiko kwenye kisima, iko kwenye mkono wa mtoto. Vile vidonge vya chuma vilivyoachwa na mama mjamzito mara nyingi ni vyekundu, vinang'aa, na kwa juu ni vitamu. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni bombo. Huko Marekani, kabla ya sheria ya kuvifunga na kuviandika onyo kubadilishwa katika miaka ya 1990, vidonge vya chuma vilikuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto wadogo kutokana na sumu ya dawa. Mtoto anatapika, kisha anaonekana kupata nafuu kwa saa kadhaa, na wazazi wanatulia. Wakati huo chuma kinaendelea kuharibu ini.

Paracetamol nayo, ambayo kila nyumba inaihesabu kama kitu kisicho na madhara, ikinywewa kwa wingi inaua ini polepole, na siku ya kwanza mtoto anaweza kucheza kama kawaida. Kwa hiyo mtoto aliyemeza dawa isiyojulikana anapelekwa kituoni mara moja, pamoja na boksi ama plaketi aliyoishika, hata kama halii. Kumtapisha kwa nguvu ama kumnywesha mafuta ya ngazi si msaada.

Chupa za polio zilirudi

Watu wengi wakisikia kwamba dawa inaweza kurudi toka kijijini mpaka mjini, wanacheka: barabara hakuna, mafuta ni ghali, nani atabeba? Lakini Haut-Lomami ilikwisha kufanya kazi hiyo.

Mwezi wa nne mwaka 2016, Kongo pamoja na nchi zaidi ya 150 iliacha kutumia chanjo ya polio ya matone ya zamani, iliyokuwa na virusi vya aina tatu, na kuingiza mpya yenye aina mbili. Aina ya pili ya virusi vya porini ilikuwa imetangazwa kwisha duniani mwaka 2015, na chanjo ya zamani ikibaki katika frigo ingeweza kuirudisha. Kwa hiyo amri ilikuwa kali: katika muda wa wiki mbili, kila chupa ya zamani itolewe, ihesabiwe, irudishwe na kuharibiwa. Baadaye watu wengine walitumwa kukagua frigo, kuona kama hakuna iliyosahauliwa.

Mwaka uliofuata, 2017, jimbo la Haut-Lomami lilikuwa kati ya majimbo ya Kongo ambako mlipuko wa polio inayotokana na virusi vya chanjo, aina ile ya pili, ulitangazwa. Kampeni za kuchanja zilifanywa kwa chanjo maalum. Sheria ya chanjo hiyo ni kwamba chupa haibaki nyuma: iliyojaa, iliyofunguliwa ama iliyokwisha, yote inaandikwa na kurudi. Mchanjaji aliyetoka asubuhi na chupa kumi anaonyesha chupa kumi jioni.

Kwa maneno mengine, vitu vyote vya kurudisha viko. Kuna daftari. Kuna titilere wa kituo cha afya anayetoa hesabu. Kuna relé wanaopita nyumba kwa nyumba na kuzijua familia kwa majina. Kuna kamati ya wakaaji, CODESA, katika kila eneo la kituo. Kuna ofisi kuu ya zone ya afya inayopokea ripoti kila mwezi. Kilichokosekana kwa vidonge vya nyumbani si barabara. Ni amri na pesa. Kwa polio, dunia ililipa, kwa sababu virusi vya Haut-Lomami vingeweza kupanda ndege. Kidonge chekundu cha Luena hakipandi ndege. Kinabaki na mtoto wa Luena.

Kule wanakotoka mabegi

Huko Ulaya njia ya kurudi imefunguliwa. Ufaransa ina Cyclamed tangu 1993: mtu anarudisha dawa zilizobaki kwenye famasi yoyote, bila kulipa, na zinakwenda kuchomwa kwenye tanuru kubwa. Ubelgiji pia famasi zinazipokea.

Mwanzoni sehemu ya dawa zilizokusanywa Ufaransa ilichambuliwa na kutumwa kwa nchi maskini. Ilionekana kama wema. Lakini boksi zilifika zimefunguliwa, zimebaki na muda mfupi, zimeandikwa kwa lugha ambayo mwuguzi hasomi. Sheria ilikata kazi hiyo, na tangu mwisho wa 2008 dawa iliyorudishwa hairuhusiwi tena kutumwa kwa mgonjwa mwingine. Mfano mbaya zaidi ulionekana Bosnia, ambako watafiti walikadiria kwamba kati ya 1992 na 1996 tani kama 17,000 za dawa zisizofaa ziliingia kwa jina la msaada. Nchi iliyokuwa vitani ikabaki na kazi ya kuzichoma.

Hilo linagusa familia za Luena zenye ndugu Brussels ama Paris. Begi la Krismasi lenye nguo na viatu mara nyingine lina sashe ya dawa zilizokusanywa kwa marafiki. Aliyetuma anafikiri ametuma afya. Mara nyingi ametuma taka ambayo kwake ingepokelewa bure, na hapa haina pa kwenda.

Kazi ya leo nyumbani

Mpaka njia rasmi ifunguke, familia inaweza kupunguza hatari. Mambo haya hayaombi pesa.

Kwanza, kununua kwa dozi: kuuliza mganga ni komprime ngapi, kununua hizo, na kuzimeza zote. Dozi iliyokwisha haiachi taka.

Pili, kufungua sashe mara moja kila miezi mitatu na kuchambua. Isiyo na jina itoke. Iliyopita tarehe itoke. Iliyobaki ikae katika boksi yake, juu, mbali na watoto, mahali pakavu.

Tatu, kupeleka zilizotoka kwenye kituo cha afya na kumwuliza titilere kama anaweza kuzipokea pamoja na dawa zake zilizopita tarehe. Vituo vina shimo ama tanuru ya taka zao, na mwuguzi anajua kutenganisha sindano na komprime. Akikataa, si kosa lake, lakini swali likiulizwa na mama ishirini litafika kwenye mkutano wa CODESA.

Nne, ikiwa kituo hakipokei, njia ya mwisho ni hii: kutoa komprime kwenye plaketi bila kuzisaga, kuzichanganya na majivu ama udongo wenye maji ndani ya kopo, kulifunga vizuri na kulizika kwa kina, mbali na kisima na mto, mahali ambapo mbwa na mvua havitafukua. Boksi ichanwe na lebo ikwaruzwe, ili mtu asiijaze upya na kuiuza sokoni. Chupa ivunjwe na kuzikwa, isitiwe mafuta. Sindano ziingie kwenye bidoni ngumu yenye kifuniko na zipelekwe kituoni, zisizikwe ovyo.

Tano, dawa haiazimwi, hata kwa upendo. Jirani anaweza kusaidiwa na nauli ya pikipiki mpaka kituoni. Hiyo ndiyo itakayomponya mtoto wake.

Nani abebe mzigo

Katiba ya Kongo, katika ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira inazungumza juu ya taka na wajibu wa kuzitunza. Mamlaka ya dawa, ACOREP, ina kazi ya kusimamia dawa nchini kote. Maandishi yapo. Kwenye kartie za Luena, yanayokosekana ni sanduku lenye kufuli mlangoni mwa kituo cha afya.

Gharama yake haiogopeshi. Kanuni za OMS zinaeleza njia ya kuharibu dawa pasipo tanuru kubwa: pipa la chuma linajazwa dawa mpaka robo tatu, halafu sehemu iliyobaki inamiminwa mchanganyiko wa simenti, chokaa na maji, linafungwa na kuzikwa. Kanuni hizo hizo zinakubali tanuru za viwanda vya simenti, kwa sababu joto lake linapita digrii 1,400. Kwenye reli ile ile ya Luena, upande wa Lubumbashi, kuna Lubudi, mji unaojulikana kwa simenti. Pipa moja linaweza kutosha vituo kadhaa kwa muda mrefu. Lakini lazima mtu aamue nani ananunua simenti, nani anashika ufunguo, na nani anaandika katika daftari kilichoingia, ili kisitoke kwa mlango wa nyuma kwenda sokoni.

Uamuzi huo uko kwa mganga mkuu wa zone na kwa wakubwa wa Kamina. Wakati unasubiriwa, sashe bado inaning'inia kwenye msumari, na mtoto anarefuka kila mwezi.